Soko la kaboni, kodi ya kaboni au kiwango cha moshi: lipi linasafisha hewa, na kiwanda kinabeba mzigo gani?

Dohani ya mtambo wa makaa ya mawe hutoa vitu ambavyo tabia zake hazifanani hata kidogo. Kuna hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo husambaa katika anga la dunia nzima na sehemu yake kubwa kubaki humo kwa mamia ya miaka. Tani moja ikitoka Poland au ikitoka Chile, kwa tabianchi ni ileile. Halafu kuna masizi, salfa dioksidi na oksidi za nitrojeni. Hivi hukaa hewani siku chache tu, na mzigo wake mkubwa huwaangukia wanaoishi jirani na dohani na upande unakoelekea upepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na mhusika mkuu ni chembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya mapafu hadi kwenye damu.

Naanza na tofauti hiyo kwa sababu mjadala kuhusu biashara ya vibali vya kaboni huichanganya kila siku. Mkazi anauliza kama soko litasafisha hewa anayopumua, anajibiwa kwa takwimu za tabianchi. Mwenye kiwanda anauliza atalipa nini, anajibiwa kwa nadharia ya uchumi. Ulinganisho huu ni kwa mtu anayepaswa kuchagua, au walau kutoa maoni kabla wengine hawajachagua: mtunga sera, meneja wa kiwanda, mwanaharakati, au jirani wa kiwanda aliyeitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Msimamo wangu nautaja mapema. Mapafu ya watu wanaoishi karibu na viwanda hayapaswi kukabidhiwa soko la kaboni peke yake. Soko hilo lina kazi yake na linaweza kuifanya vizuri, ila kazi hiyo ni nyingine.

Zana tatu zinazolinganishwa

Katika soko la vibali, serikali huweka kikomo cha jumla cha tani zinazoruhusiwa kutoka katika sekta fulani kwa mwaka. Hutoa vibali vya idadi hiyo, kibali kimoja kwa tani moja, ama bure ama kwa mnada. Mwaka ukiisha, kila kiwanda hurudisha vibali sawa na tani kilizotoa. Aliyepunguza huuza ziada yake. Aliyezidisha hununua au hulipa faini. Kikomo hushushwa mwaka hadi mwaka.

Kodi ya kaboni ni rahisi zaidi kuieleza: kila tani ina bei yake kisheria, na mara nyingi hutozwa kwenye fueli yenyewe kabla haijachomwa. Kiwango cha moshi ndiyo zana kongwe. Kila dohani hupewa ukomo wake, kwa mfano miligramu za vumbi katika kila mita ya ujazo ya moshi, na hakuna kununua wala kuuza.

| | Soko la vibali | Kodi ya kaboni | Kiwango kwa kila dohani |
|---|---|---|---|
| Kinachojulikana mapema | jumla ya tani | bei ya tani | kinachoruhusiwa kutoka kila dohani |
| Kisichojulikana | bei | tani zitakazopungua | gharama kwa kila kiwanda |
| Hewa ya majirani | hunufaika fueli ikibadilishwa | vivyo hivyo | hulindwa moja kwa moja |
| Hewa ukaa | hushuka hadi kikomo | hushuka kadiri bei inavyouma | haiguswi, pengine huongezeka kidogo |

Mstari wa tatu ndio unaohitaji maelezo marefu.

Soko la kaboni hufika wapi katika kusafisha hewa

Chukua bei ya euro 80 kwa tani. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa takriban tani 0.9 za hewa ukaa kwa kila megawati-saa, yaani uniti 1,000 za umeme. Mtambo wa gesi asilia hutoa takriban tani 0.4. Kwa hiyo umeme wa makaa unabeba gharama ya ziada ya euro 72, wa gesi euro 32. Pengo la euro 40 linatosha mara nyingi kuufanya mtambo wa makaa uwe wa mwisho kuwashwa na wa kwanza kuzimwa. Ukizimwa, pamoja na kaboni huondoka salfa, masizi na zebaki, maana gesi asilia ina vitu hivyo kwa kiasi kidogo sana. Hapo ndipo soko la kaboni linapomsaidia anayepumua: kaboni ikiwa sababu ya kuachana na makaa.

Faida hiyo ni ya kweli. Majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani yalianza soko la pamoja kwa mitambo ya umeme mwaka 2009, linalojulikana kwa kifupi kama RGGI. Uchambuzi uliofanywa na taasisi ya Abt Associates na kutolewa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya 2009 na 2014 mpango huo ulizuia vifo vya mapema kati ya 300 na 830, na kuokoa takriban dola bilioni 5.7 za gharama zitokanazo na afya. Bei ya vibali wakati huo ilikuwa dola chache tu kwa tani.

Lakini angalia pale ambapo kaboni na masizi haviendi pamoja, na hapa ndipo wengi hupotea.

Kwanza, kuni na mabaki ya mimea. Katika soko la Umoja wa Ulaya, fueli ya aina hii ikikidhi masharti ya uendelevu huhesabiwa kuwa na kaboni sifuri, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuifyonza. Hoja hiyo ina mabishano yake. Ila kwa mapafu haina maana yoyote: kuni zikichomwa bila kichujio kizuri hutoa chembe laini kwa wingi, na kitabu cha kaboni kitaonyesha sifuri.

Pili, mtambo wa kuosha moshi. Ili kuondoa salfa, moshi hupitishwa katika tope la chokaa. Chokaa hukamata salfa na kugeuka jasi, na katika badiliko hilo hutoa hewa ukaa. Pampu na feni za mtambo huo nazo hula umeme. Maana yake ni kwamba kiwanda kinachowatendea wema majirani zake kinaongeza kidogo deni lake la kaboni. Bei ya kaboni peke yake haitamshawishi mtu kufunga mtambo huo. Inamsukuma, japo kidogo, asiufunge.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, soko linaruhusu kununua. Kiwanda kilicho katikati ya makazi kinaweza kuona ni nafuu kununua vibali kuliko kubadilisha tanuru, na kufanya hivyo kihalali kabisa. Kwa tabianchi hakuna hasara, kwa kuwa mwingine mahali fulani amepunguza. Kwa mtoto mwenye pumu anayeishi mtaa huo, upunguzaji wa mahali fulani haumfikii. California ilianza soko lake mwaka 2013, na malalamiko ya aina hii yalikuwapo tangu sheria ilipokuwa mezani. Watafiti walioangalia miaka ya mwanzo walikuta viwanda vingi ambavyo utoaji wake uliongezeka, vikiwa zaidi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, ingawa jumla ya jimbo ilikuwa ndani ya kikomo. Watafiti wengine, kwa njia tofauti ya kuhesabu, walikuta kwamba pengo la uchafuzi kati ya mitaa hiyo na mingine lilipungua baada ya soko kuanza. Mimi sioni haja ya kuchagua upande katika mabishano hayo ili kuamua. Inatosha kwamba soko lenyewe halikuwa na kipengele chochote cha kumhakikishia mkazi wa mtaa fulani kwamba hewa yake itakuwa safi. Wabunge wa California waliliona hilo, na mwaka 2017 wakapitisha sheria ya pembeni, AB 617, inayohusu upimaji na mipango ya kusafisha hewa mtaa kwa mtaa.

China ilivyosafisha anga bila soko la kaboni

Kwa anayetaka kuona tofauti kati ya zana hizi kwa macho, China ni mfano ulio wazi kupita yote. Mwaka 2013 wastani wa chembe laini Beijing ulikuwa karibu mikrogramu 90 kwa mita ya ujazo. Mwaka huohuo serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa, na mwaka uliofuata ikaanza kuitaka mitambo ya makaa ifikie viwango vikali mno: miligramu 10 za vumbi, 35 za salfa dioksidi na 50 za oksidi za nitrojeni kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Mitambo ilifungwa vichujio, majiko ya makaa yakaondolewa majumbani, tanuru ndogo zikavunjwa. Mwaka 2021 wastani wa Beijing ulikuwa mikrogramu 33. Bado ni mbali na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mikrogramu 5, lakini ni badiliko ambalo miji mingi duniani haijawahi kuliona katika muda mfupi hivyo.

Katika miaka hiyohiyo hewa ukaa ya China iliendelea kupanda. Soko la kitaifa la kaboni lilianza biashara tarehe 16 Julai 2021, kwa bei ya ufunguzi ya yuan 48 kwa tani, yaani baada ya sehemu kubwa ya usafi huo kupatikana. Kulikuwa na masoko ya majaribio katika miji na majimbo kadhaa tangu 2013, Shenzhen ikitangulia, lakini kilichosafisha anga ni viwango, vichujio na ukaguzi.

Mfano huu unakata pande zote mbili. Kwa anayesema soko la kaboni litatosha kwa afya, China ilisafisha bila hilo. Kwa anayesema viwango vinatosha kwa kila kitu, mtambo wenye kichujio bora kabisa bado unarusha karibu tani moja ya hewa ukaa kwa kila megawati-saa. Moshi hauonekani tena, kaboni ipo palepale.

Kufanya biashara ya uchafu wenyewe

Kuna njia ya nne inayosahauliwa: kuweka soko juu ya kile kinachoua jirani, badala ya juu ya kaboni. Marekani ilifanya hivyo kwa salfa dioksidi kupitia sheria ya hewa safi ya mwaka 1990. Biashara ikaanza 1995. Kikomo cha mwisho cha mitambo ya umeme kilikuwa tani za Marekani milioni 8.95 kwa mwaka, kifikiwe 2010, kilifikiwa 2007. Gharama zilikuwa chini sana ya zile wenye mitambo walizokuwa wakizitabiri. Sehemu ya unafuu huo ilitoka nje ya soko: reli zilikuwa zimelegezewa masharti miaka ya 1980, na makaa yenye salfa kidogo kutoka bonde la Powder River yakaweza kusafirishwa mbali kwa bei ndogo. Soko lilimpa kila mwenye mtambo uhuru wa kuchagua kati ya makaa hayo, kuosha moshi, au kununua vibali.

Mfano unaonivutia zaidi ni Surat, mji wa viwanda vya nguo na rangi katika jimbo la Gujarat, India. Viwanda hivyo huchoma makaa kwenye boila ili kupata mvuke wa kutia rangi na kukausha vitambaa, na dohani zake ziko jirani na nyumba za watu. Kwa miaka mingi sheria ilikuwapo: kiwango kwa kila dohani, na adhabu kali kwa anayekiuka, hata kufungiwa kiwanda au kushtakiwa. Adhabu ilikuwa nzito kiasi kwamba haikutolewa mara nyingi, na wengi walikiuka. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya jimbo, ikishirikiana na watafiti, ilianzisha soko la vumbi lenyewe. Viwanda takriban 300 vilifungwa vipimo ndani ya dohani vinavyosoma vumbi mfululizo na kutuma takwimu kwa mamlaka. Kisha kwa kura, baadhi viliingizwa sokoni na vingine vikabaki chini ya kanuni ya zamani, ili tofauti ionekane bila ubishi.

Soko lenyewe lilikuwa la kawaida sana katika uendeshaji wake. Sehemu kubwa ya vibali ilitolewa bure, kiasi kidogo kikauzwa kwa mnada, na bei iliwekewa sakafu na dari. Kila kiwanda kiliweka amana mapema. Kikimaliza kipindi bila vibali vya kutosha, amana hukatwa papo hapo kulingana na kilo zilizozidi, bila kesi na bila kusubiri ofisa aamue kama afunge kiwanda au asifunge. Matokeo: viwanda vilivyokuwa sokoni vilitoa vumbi pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko vilivyobaki nje, vilikuwa na vibali vya kutosha karibu kila mara, na gharama ya kupunguza ilikuwa ndogo kuliko ingekuwa chini ya kanuni ya zamani.

Nadhani funzo la Surat linahusu adhabu kuliko linavyohusu soko. Adhabu ndogo inayokatwa kila mara ilifanya kazi pale ambapo adhabu kubwa isiyotolewa ilishindwa. Nchi inayotaka kubaki na viwango vya kila dohani inaweza kulichukua funzo hilo hilo bila kuanzisha biashara yoyote: pima mfululizo, kata faini kwa kilo.

Upande wa kiwanda

Soko la kaboni la Umoja wa Ulaya lilianza 2005 na ndilo lenye historia ndefu ya kusomwa. Awamu ya kwanza vibali viligawiwa bure kwa wingi, kwa kuwa kila serikali iliogopa kuvibana viwanda vyake. Aprili 2006 takwimu halisi zilipotoka na kuonyesha kuwa vibali vilizidi moshi, bei ilianguka, na kufikia mwisho wa 2007 ilikuwa karibu na sifuri. Mdororo wa uchumi wa 2008 ukaleta ziada nyingine, na mwaka 2013 kibali kilipatikana kwa chini ya euro 5. Ni mpaka 2018, ulipokaribia kuanza mfumo wa akiba wa 2019 unaovuta vibali vya ziada nje ya soko, ndipo bei ilipopata nguvu. Februari 2023 iligusa euro 100.

Jiweke katika nafasi ya mkurugenzi wa kiwanda cha chuma. Tanuru la kuyeyushia madini ya chuma kwa makaa hudumu miaka 15 hadi 20 kabla ya kujengwa upya. Unaamua leo kama utalijenga tena au uhamie teknolojia ya haidrojeni na umeme, na bei itakayoamua kama ulikuwa sahihi inaweza kuwa euro 5 au euro 100. Tani moja ya chuma kwa njia ya zamani hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa. Kwa euro 80 hiyo ni euro 160 kwa kila tani ya chuma kama ungenunua vibali vyote. Kwa hali hiyo wengi huahirisha uamuzi. Hili ndilo kosa kubwa la soko kwa mtazamo wa mwekezaji, na ndilo jambo ambalo kodi inalitibu vizuri zaidi, maana bei ya miaka ijayo inaweza kuandikwa kwenye sheria.

Pia usidhani kwamba kibali cha bure ni kitu kisicho na thamani. Makampuni ya umeme ya Ulaya yalipewa vibali bure katika awamu za mwanzo, yakapandisha bei ya umeme kana kwamba yamevinunua, na faida ikabaki mifukoni mwao. Tangu 2013 mitambo ya umeme katika nchi nyingi za umoja huo lazima inunue kwenye mnada. Viwanda vya chuma, saruji na mbolea viliendelea kupewa bure kwa hofu kwamba vingehamia nchi zisizotoza, na matokeo yanalingana na kilichofanyika: kufikia 2023 utoaji katika sekta zilizo ndani ya soko ulikuwa chini kwa karibu asilimia 47 kulinganisha na 2005, na sehemu kubwa ya punguzo hilo imetoka kwenye umeme. Viwanda vizito vimesogea polepole.

Saruji inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu takriban asilimia 60 ya hewa ukaa yake haitokani na fueli. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapopashwa moto na kugawanyika. Hata ukichoma kitu safi kiasi gani, hiyo inabaki. Bei ya kaboni inaweza kumfanya mzalishaji achanganye majivu au udongo uliochomwa ili kupunguza klinka, yaani zao la jiwe hilo lililochomwa, lakini mbele ya hapo kuna kukamata kaboni tu, na huo ni mtaji mkubwa. Vumbi la kiwanda cha saruji, kwa upande mwingine, linashikwa na mifuko ya kuchujia inayojulikana kwa miongo mingi na isiyo ghali. Jirani wa kiwanda cha saruji hana sababu yoyote ya kusubiri bei ya kaboni ipande.

Kuhusu kuhama kwa viwanda, Ulaya sasa imechagua ushuru wa mpakani wa kaboni. Kipindi cha kutoa taarifa kilianza Oktoba 2023 na malipo yanahusu bidhaa zinazoingia kuanzia 2026: chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme. Vibali vya bure kwa sekta hizo vinapunguzwa hatua kwa hatua hadi viishe 2034. Kwa kiwanda kinachouza Ulaya kutoka nje, jambo la kukumbuka ni kwamba bei ya kaboni uliyolipa nyumbani hutolewa kwenye ushuru huo. Serikali isiyotoza chochote inaacha fedha hizo zikusanywe na forodha ya Ulaya. Hoja hii imezisukuma nchi kadhaa kuanzisha kodi au soko lao haraka kuliko walivyokusudia, na naona ni hoja nzito.

Kodi, na mbinu ya Sweden

Finland ilianza kodi ya kaboni 1990, Sweden na Norway zikafuata 1991. Norway iliitoza pia kwa machimbo ya mafuta baharini, na kuanzia 1996 mradi wa Sleipner ukawa unarudisha hewa ukaa chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini badala ya kuiachia na kuilipia. Uingereza iliongeza kodi juu ya soko mwaka 2013 kwa mitambo ya umeme, na tangu 2016 kiwango chake ni pauni 18 kwa tani. Makaa yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wake mwaka 2012. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Sifa hapo isipewe kodi peke yake. Sheria ya Ulaya ya mitambo mikubwa iliiambia mitambo isiyotaka kufunga vifaa vya kuosha moshi ifanye kazi saa 20,000 tu kuanzia 2008 kisha ifungwe kufikia mwisho wa 2015. Mitambo mingi michafu iliondoka kwa kiwango cha salfa, na iliyobaki ikamalizwa na bei ya kaboni.

Udhaifu wa kodi ni siasa. Ikiuma, inafutwa au inatobolewa kwa misamaha. Afrika Kusini ilianza 2019 kwa randi 120 kwa tani, lakini misamaha ilikuwa mikubwa kiasi kwamba kiwango halisi kilikuwa kati ya randi 6 na 48.

Sasa mbinu ya Sweden. Mwaka 1992 iliweka tozo ya kronor 40 kwa kila kilo ya oksidi za nitrojeni kutoka kwenye boila kubwa. Fedha hazikuingia hazina. Zilirudishwa kwa viwanda vilevile, kwa mgawanyo unaofuata nishati ambayo kila kimoja kimezalisha. Anayezalisha nishati nyingi kwa moshi kidogo anapokea kuliko alicholipa, mchafu analipa zaidi ya anachopokea, na sekta kwa jumla haipotezi senti isipokuwa gharama za uendeshaji. Tozo ya kiwango cha juu namna hiyo isingepita bungeni bila marejesho hayo. Wahandisi walianza kurekebisha hewa na joto ndani ya boila siku hadi siku kwa kufuata kipimo, na oksidi kwa kila uniti ya nishati zikashuka haraka. Nashangaa kwamba nchi chache mno zimeiga.

Nani atapima?

Swali hili ndilo linaloamua, kuliko uchumi wote wa hapo juu. Kaboni inaweza kuhesabiwa kutokana na ankara za fueli: tani ya makaa ya aina inayojulikana ina kaboni inayojulikana, na haijalishi ilichomwaje. Ndiyo maana kodi inayotozwa bandarini au kwenye ghala la mafuta inaweza kusimamiwa na ofisi ndogo. Masizi hayahesabiki hivyo. Makaa yaleyale yakipita kwenye kichujio kizima au kilichotoboka, vumbi linatofautiana mara mia. Hilo linahitaji kipimo ndani ya dohani, na mtu wa kukikagua kipimo chenyewe.

Soko linaongeza hatari nyingine, kwa kuwa kibali ni mali. Mwaka 2008 na 2009 wahalifu walilitumia soko la Ulaya kukwepa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hasara ambayo Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilikadiria kufikia euro bilioni 5, na Januari 2011 biashara ilisimamishwa baada ya vibali kuibwa kwa kuvamia mifumo ya kompyuta. Mwaka 2022 wizara ya mazingira ya China ilitangaza hadharani makampuni ya ushauri yaliyoghushi takwimu za makaa ya wateja wao.

Uchaguzi wenyewe

Kama tatizo lililo mbele yako ni hewa ya mji, anza na kiwango kwa kila dohani na faini inayokatwa kwa kilo. Kama viwanda ni vingi, vinafanana na vyote vina vipimo, soko la vumbi la aina ya Surat litapunguza gharama. Kama ni vichache, soko litakosa wauzaji na tozo ya Sweden itafaa zaidi. Kwa kaboni, penye mamlaka changa na takwimu dhaifu ningechagua kodi kwenye fueli bila kusita, yenye ratiba ya kupanda iliyoandikwa kisheria. Penye mamlaka imara, sekta kubwa ya umeme na uwezo wa kushusha kikomo bila kuyumbishwa, soko linaweza kufika mbali kuliko kodi, ila liwe na bei ya chini iliyowekwa tangu siku ya kwanza na vibali viuzwe kwa mnada mapema, umeme ukitangulia.

Na ukiitwa kutoa maoni kwenye rasimu ya sheria ya soko la kaboni, tafuta kifungu kinachosema kuwa kumiliki vibali hakumwondolei mtu wajibu wa kutimiza viwango vingine vya moshi. Sheria ya Marekani ya 1990 iliweka hivyo: vibali vya salfa havikumruhusu yeyote kuvunja viwango vya ubora wa hewa vya eneo lake. Kama kifungu hicho hakimo, omba kiingizwe, na omba pia kwamba usomaji wa kila kipimo cha dohani uwekwe hadharani kila siku, kwa jina la kiwanda.